Nasaba Isiyoandikwa

Kiswahili kilipotafuta jina la zile nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo ndani yake umeandikwa urithi wa kila kiumbe, hakikwenda kukopa mbali. Kilichukua neno lililokuwa likitamkwa vibarazani tangu enzi za masultani, kikalipunguza umbo, kikasema: vinasaba. Nasaba ni ule mnyororo wa majina ambao mzee wa Kilwa huweza kuutaja kwa pumzi moja, fulani bin fulani bin fulani. Vinasaba ni nasaba hiyo hiyo iliyofanywa ndogo ikatiwa ndani ya damu. Jina hilo ni zuri, lakini lina tofauti moja linayoificha. Nasaba ya barazani huchagua la kusema na la kunyamazia. Nasaba ya damu haichagui.

Pengine hapana mji katika pwani hii ulioithamini nasaba kama Kilwa. Tarikhi yake, ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London na ambayo Mreno João de Barros alichapisha masimulizi yake mwaka 1552, huanza na mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Ali bin al-Hasan, aliyekinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Kisha hufuata safu ya wafalme: nani alimrithi nani, nani alimpindua nani, nani alikaa miaka mingapi katika kiti. Mama zao hutajwa kwa nadra. Juu ya maradhi ya miili yao, msomaji hapati la kushika ila kwa bahati.

Damu imekuja kusema yaliyoachwa na kalamu. Mwezi wa Machi mwaka 2023, katika jarida la sayansi liitwalo Nature, wataalamu walichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na sehemu moja ya bara, wengi wao wakiwa wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Kilwa, wa Songo Mnara na wa Lindi. Ilionekana kwamba, kuanzia mnamo mwaka 1000, wageni wa kiume ambao wengi wao asili yao ni Uajemi walichanganya damu na wanawake wa Kiafrika, na kwamba kwa wengi wa marehemu hao zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka kwa hao mama. Tarikhi haikusema uongo kuhusu mgeni wa Shirazi. Ilimsahau tu mwenyeji aliyemzalia watoto.

Hayo ni ya waliokwisha kuwa udongo, na mtu aweza kuyasoma akafunga kitabu akalala. Lakini nasaba hiyo ya damu ilipobisha hodi katika nyumba moja ya Kilwa Kivinje, haikuuliza habari za Shirazi. Iliuliza habari za figo.

Kijana wa nyumba hiyo, fundi wa mashua mwenye miaka 42, alikuwa ameishi na maumivu ya kichwa kwa muda mrefu, na watu wakisema ni jua la ufukweni. Siku miguu yake ilipoanza kuvimba, na chakula kikawa hakipiti, alipelekwa hospitali, na kutoka hapo akapewa barua ya kwenda Dar es Salaam. Safari hiyo sasa ni ya saa chache tu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria wa Kilwa na Lindi walikuwa wakilala kandokando ya Rufiji wakisubiri pantoni. Lakini mgonjwa wa figo hata daraja halimfai sana, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu humtaka mara tatu kwa wiki, kila mara saa zipatazo nne. Hawezi kwenda na kurudi. Fundi yule alipanga chumba huko Dar es Salaam, akaiacha mashua juu ya magogo, mbao za ubavu mmoja zikiwa bado hazijapigiliwa.

Kipimo cha altrasaundi kilionyesha figo zilizokua kupita kiasi, zimejaa vifuko vya maji vilivyobanana kama zambarau katika pakacha. Daktari alisema ugonjwa huo hauambukizwi wala hauletwi na chakula. Ni wa kurithi.

Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka 33, hakungoja kuulizwa. Alisema atatoa figo moja. Jambo hilo halikuwa tena ndoto ya watu wa mbali. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi wa Novemba mwaka 2017, madaktari wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa India, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa India. Mwalimu alijiona ana bahati: ndugu yake ni mmoja, figo zake ni mbili, na hesabu ni nyepesi hata kwa watoto wa darasa la kwanza.

Ndipo daktari alipomuuliza swali ambalo hakulitarajia. "Baba yenu alifariki kwa maradhi gani?"

Hakujua. Alijua jina la babu wa babu yake. Alijua msikiti gani ukoo wao ulichangia mbao za dari. Alijua shamba lipi la minazi liliuzwa na nani, na ugomvi wake. Lakini kuhusu kifo cha baba alijua lile tu aliloambiwa alipokuwa na miaka tisa: kwamba baba alirudi kutoka mikokoni jioni moja akishika kichwa, akaanguka ukumbini, na kwamba huko mikokoni kuna wenyewe.

Ugonjwa huu wa vifuko vya maji kwenye figo umo katika kila taifa duniani. Kwa makadirio ya kawaida, hupatikana kwa mtu mmoja katika kila watu elfu moja hadi elfu mbili na mia tano. Husababishwa na kosa katika moja ya jeni kadhaa. Ile iliyo chanzo cha wagonjwa walio wengi iko kwenye kromosomu ya 16 na ilitambuliwa mwaka 1994. Ya pili iko kwenye kromosomu ya 4, nayo ilitambuliwa mwaka 1996. Mzazi mwenye kosa hilo humpa kila mtoto nusu kwa nusu, kama shilingi irushwayo juu. Anayelipata huweza kuishi miaka 30 au 40 bila kujua, huku vifuko vikikua taratibu na presha ikipanda kimyakimya. Kwa baadhi ya wagonjwa, mishipa ya damu ya ubongo nayo hudhoofika, na mmoja wapo huweza kupasuka ghafla. Daktari aliposikia habari za mikokoni alikaa kimya kidogo, kisha akaandika.

Altrasaundi ya mwalimu haikuonyesha kifuko hata kimoja. Alifurahi, akataka kupanga siku. Lakini kwa mtu ambaye hajafika miaka 40, usafi wa picha hiyo hautoshi kumthibitisha, maana vifuko vyaweza kuchelewa kuonekana. Na kumtoa figo mtu ambaye figo itakayobaki itakuja kuharibika ni kutengeneza wagonjwa wawili badala ya mmoja. Ilibidi vinasaba visomwe. Husomwa kwanza vya mgonjwa, ili lijulikane kosa la ukoo huo liko mahali gani hasa, kwani kila ukoo una kosa lake. Kisha ndipo hutafutwa kosa hilo hilo katika damu ya ndugu. Sampuli zilipelekwa nje ya nchi, kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza kile kiwanja cha karibu na barabara.

Habari zilipofika Kivinje kwamba mwalimu anapima vinasaba, mitaa ilitikisika kwa sababu nyingine kabisa. Tangu sheria ya vinasaba vya binadamu ilipotungwa mwaka 2009, na hata kabla yake, watu wengi wamelisikia neno hili likiandamana na Mkemia Mkuu wa Serikali, mahakama, na mwanamume anayekana mtoto. Basi mabarazani ikawa: kumbe wale si wa baba mmoja? Mama yao, ambaye alikuwa mjane kwa miaka 24 bila ya kusemwa na mtu, alikaa siku tatu hakutoka nje. Hata lile neno zuri, vinasaba, lilikuwa limefika mjini likiwa limevaa nguo ya fedheha.

Mwalimu alimwendea shangazi yake, dada wa baba, bibi aliyepita miaka 70, ambaye bado anasuka ukili kwa vidole vyepesi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndugu yako anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, yupo. Shangazi, nimekuja kuuliza. Baba alikufa na nini?"

"Alikufa kwa siku zake."

"Na bibi?"

Mkono ulisimama juu ya ukili. Bibi yule alinyamaza muda wa kutosha mtu kuswali rakaa mbili, kisha akasema bila ya kuinua macho. Mama yao alikuwa na tumbo gumu ubavuni, pande zote mbili, akimkataza mtu yeyote kumshika wakati wa kumwogesha. Alikojoa damu. Ami yao wa Lindi alikufa amevimba uso. Na mama yao, kabla ya kukata roho, aliwalisha yamini wasiseme.

"Kwa nini, shangazi?"

"Mngeolewa na nani, mwanangu? Tulinyamaza ili mpate kuolewa."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, lile lililokuwa chini ya yote. Bibi yake mama yao hakuzaliwa pwani. Alishushwa Kivinje na msafara, akiwa mtoto, na jina lake la kwao hapana aliyelijua. Shangazi aliamini kwamba maradhi yalitoka kwake. Na kuyataja maradhi kungekuwa kumtaja yeye.

Hapo ndipo palipo na fundo la jambo lote. Kivinje ilikuwa bandari ambako misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilimaliza safari yake, ikileta pembe za ndovu na watu, na hata baada ya kusafirisha watumwa kwa bahari kupigwa marufuku mwaka 1873 wapo waliobaki humo humo, wakaolewa, wakazaa, wakazikwa. Nyumba nyingi za pwani ya Kilwa na Lindi zina bibi wa namna hiyo, aliyepachikwa jina jipya na kuondolewa katika nasaba. Kumtwika bibi yule ugonjwa kulikuwa dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Kosa hilo la jeni halina kabila. Huzuka kwa Mzungu, kwa Mhindi, kwa Mwarabu na kwa Mmakonde. Na kwa takriban mgonjwa mmoja katika kumi halipatikani kwa mzazi yeyote, kwani limeanza kwake mwenyewe. Huenda limetoka kwa bibi wa msafara. Huenda limetoka kwa mume aliyejivunia nasaba ya majina kumi na mbili. Vinasaba vya wazao vinasema kwamba kosa lipo. Havimtaji wa kwanza, wala havina haja ya kumlaumu.

Tena, si kila kinachoumiza figo katika urithi wetu kilianza kama uovu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Uingereza, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akakuta alama ya selimundu kwa wingi katika pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ngao hiyo ndiyo iliyowavusha watoto wa mabonde na mikoko. Lakini anayerithi kwa wazazi wote wawili huugua, na Tanzania huzaliwa watoto wapatao elfu 11 kila mwaka wakiwa na ugonjwa huo. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyodhurika mapema, maana ndani yake hewa ni haba na chumvi ni nyingi, na chembe za damu hujikunja humo. Mtoto wa selimundu hushindwa kuushika mkojo wake usiku. Ni watoto wangapi wamechapwa kwa kulowesha godoro, na fimbo ikawa inaiadhibu ngao ya mababu!

Mfano mwingine ulijulikana mwaka 2010, pale watafiti wa Marekani walipoeleza kwamba namna mbili za jeni moja, zilizoenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, humzidishia mtu hatari ya maradhi ya figo. Na kwamba namna hizo hizo huipa damu uwezo wa kuua vimelea vya malale vinavyoletwa na mbung'o, pamoja na vile vya upande wetu wa mashariki. Anayeijua nyika iliyo nyuma ya Kilwa na Liwale anamjua mbung'o. Kinga ya babu yaweza kuwa deni la mjukuu. Na deni halilipiki kwa kukana kwamba babu alikopa. Hulipwa na anayejua kiasi gani anadaiwa.

Ugonjwa wa nyumba ile ya Kivinje haujulikani kuwa na fadhila ya namna hiyo. Ni kosa tu, kama herufi iliyoandikwa vibaya na mwandishi wa kwanza, kisha ikanakiliwa kwa uaminifu na kila aliyemfuata. Lakini aibu yake ilikuwa sawa na nyingine zote, na kazi ya aibu ilikuwa moja: kuziba midomo. Mtu aliyeambiwa mapema angepimwa presha kila mwaka tangu ujana, angepunguza chumvi, angekunywa maji, angejihadhari na dawa za maumivu zinazochosha figo, nazo ndizo fundi yule alizozitafuna miaka kumi kwa ajili ya jua la ufukweni. Hayo yasingemwondolea ugonjwa. Yangeweza kumpa miaka.

Majibu yalirudi baada ya miezi mitatu. Kosa la fundi lilipatikana, katika ile jeni ya kromosomu ya 16. Na kosa hilo hilo, herufi kwa herufi, lilikuwamo katika damu ya dada yake.

Aliyempa habari alikuwa mwanamke wa makamo, naye hakumhimiza kuondoka. Mwalimu aliuliza jambo moja tu: kama angalitoa figo bila ya kupimwa ingekuwaje. Akajibiwa. Alirudi chumbani kwa kaka yake, akamkuta ameegemea mto, mkono umefungwa bandeji pale sindano ilipotoka. Hakuna aliyelia mbele ya mwenziwe. Fundi alisema, "Basi nami nilitaka kula figo yako mbovu," wakacheka kicheko cha watu wa Kivinje, ambacho hakina uhusiano na furaha. Siku ya pili mke wa fundi, ambaye hana hata tone la damu ya ukoo ule, alikwenda peke yake kuuliza kama naye aweza kupimwa.

Mwalimu ana binti wa miaka sita. Ndugu walimshauri ampime upesi ajue. Yeye, baada ya kusikiliza wataalamu, aliamua asimpime. Mtoto asiye na dalili hapati tiba yoyote leo kwa kujua jina la kosa lake. Anachohitaji ni kupimwa presha mara kwa mara, na hilo ni kazi ya dakika tano. Kujua au kutojua ni haki atakayoichagua mwenyewe akikua. Mama hakuwa ametoka katika ukimya wa kulazimishwa ili amwingize mwanawe katika elimu ya kulazimishwa.

Wapo watakaosema kwamba basi posa zote zitanguliwe na cheti cha vinasaba. Swali hilo si jepesi. Katika selimundu, watu wawili wenye alama wanaotaka kuoana, hasa watoto wa ndugu, wanafaidika kujua kabla ya kuzaa. Lakini kipimo kikigeuzwa kuwa mlango wa kukatalia watu, kila nyumba itarudi katika yamini ya kunyamaza, na daktari atakuta tena wagonjwa wasiojua baba zao walikufa na nini. Elimu inayoogopesha kuliko ugonjwa haitatafutwa. Ukoo usio na kasoro katika damu yake bado haujazaliwa, si Shirazi wala Nyasa.

Shangazi naye alikubali kupigwa altrasaundi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Figo zake ni nzima. Shilingi ilipomwangukia yeye iligeuka upande wa pili, na kwa miaka 70 hakuwa amejua kwamba yuko salama. Alikuwa akiishi akisubiri tumbo lake liwe gumu kama la mama yake. Ukimya alioutunza kwa ajili ya wengine ulikuwa umemla na yeye.

Siku moja baada ya Alasiri alimwita mwalimu, akamwambia alete daftari. Katika nyumba ile lilikuwapo daftari la nasaba, lenye majina na miaka ya kuzaliwa, lililoandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa za Kirumi. Mwalimu alichora mstari wa wima pembeni, akafungua safu mpya, na juu yake akaandika: alikufa na nini. Shangazi akaanza kusema, polepole, huku ukili ukiwa umewekwa chini. Baba, kichwa, miaka 46. Ami wa Lindi, kuvimba. Mama, damu katika mkojo.

Walipofika kwa bibi wa msafara mwalimu alisita, maana hakuwa na jina la kuandika. Shangazi akamwambia aache nafasi ya jina, lakini mstari wake auweke. Mwalimu akauweka, juu ya wote.